Jinsi ya Kusoma Viashiria vya Protini katika Ripoti ya Saratani ya Umio

Katika karatasi ya majibu ya mgonjwa wa saratani ya umio, chini ya maelezo ya kile kilichoonekana kwa hadubini, huwa kuna mistari michache iliyojaa herufi na tarakimu: HER2 2+, PD-L1 CPS 12, Ki-67 asilimia 70, MMR protini zote nne zipo. Mistari hiyo huwakosesha watu usingizi. Anayeona asilimia 70 hudhani ameambiwa kuwa ugonjwa umekwisha kuenea kwenye asilimia 70 ya umio, na anayeona neno "hasi" hufurahi au huhuzunika kwa kadiri alivyolisikia likitumika katika vipimo vingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, jamaa anayemsindikiza, na mhudumu wa afya ambaye hakubahatika kufundishwa namna ya kuisoma mistari hiyo. Hauchukui nafasi ya daktari anayetibu. Unakusudia kumfanya msomaji aingie katika chumba cha daktari akiwa na maswali yaliyonyooka.

Anza na aina na hatua ya ugonjwa

Kabla ya kutazama protini yoyote, tafuta mambo mawili katika ripoti. La kwanza ni aina ya saratani. Umio hupatwa na saratani za aina kuu mbili. Kasinoma ya seli bapa huanzia kwenye seli zinazotandika ukuta wa ndani wa umio, na ndiyo inayoongoza kwa wingi duniani. Adenokasinoma huanzia kwenye seli za aina ya tezi, mara nyingi sehemu ya chini karibu na tumbo, pale ambapo asidi iliyopanda kutoka tumboni kwa miaka mingi imebadilisha utando, hali inayoitwa umio wa Barrett. Uchambuzi wa uvimbe 164 uliochapishwa na mtandao wa utafiti wa TCGA mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa upande wa vinasaba, kasinoma ya seli bapa ya umio hufanana zaidi na saratani za seli bapa za kichwa na shingo kuliko inavyofanana na adenokasinoma ya umio huohuo, ilhali adenokasinoma hiyo hukaribiana sana na aina mojawapo ya saratani ya tumbo. Ndiyo maana kiashiria kilichothibitishwa katika aina moja hakihamishiwi kwenye nyingine bila ushahidi wake chenyewe.

Jambo la pili ni hatua ya ugonjwa, inayoandikwa kwa herufi T, N na M, yaani kina cha uvimbe katika ukuta wa umio, tezi za limfu zilizoingiliwa, na kusambaa kwenye viungo vya mbali. Tazama pia herufi ndogo iliyotangulia. Herufi c maana yake hatua imekadiriwa kwa picha na uchunguzi kabla ya matibabu. Herufi p maana yake imethibitishwa kwa nyama iliyotolewa wakati wa upasuaji. Na yp maana yake nyama hiyo ilitolewa baada ya mgonjwa kupata kwanza dawa au mionzi. Toleo la 8 la mfumo huu, lililoanza kutumika mwaka 2018, limeyapanga makundi hayo matatu kila moja peke yake, kwa sababu tarakimu zilezile hazibashiri maisha sawa katika hali zote tatu. Idadi ya tezi zenye saratani, na kama kingo za nyama iliyokatwa hazina seli za saratani, hali inayoandikwa R0, bado ni vibashiri vyenye nguvu kuliko protini nyingi zinazotajwa katika makala za utafiti. Anayesoma Ki-67 kabla ya kuijua N ameanzia mwisho.

Tenga maswali mawili

Kosa kubwa kuliko yote katika kusoma viashiria ni kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni: ugonjwa huu unaelekea kwenda vipi, dawa yoyote itakayotumika? Kinachojibu hilo ni kiashiria cha ubashiri. Swali la pili ni: je, dawa fulani itamfaa mgonjwa huyu? Kinachojibu hilo ni kiashiria cha mwitikio. Protini moja inaweza kujibu swali moja na kunyamaza kabisa kwa lingine.

Mfano wa wazi ni EGFR, protini inayopatikana kwa wingi katika uvimbe mwingi wa seli bapa za umio, na ambayo wingi wake umehusishwa katika tafiti kadhaa na maisha mafupi. Ilionekana jambo la busara kuizuia. Katika jaribio la SCOPE1 la Uingereza, lililotoa matokeo mwaka 2013 kwa wagonjwa 258, dawa ya cetuximab inayozuia EGFR iliongezwa kwenye tibakemikali na mionzi. Mediani ya maisha, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa wanauvuka, ilikuwa miezi 22.1 kwa waliopewa dawa hiyo na miezi 25.4 kwa wasiopewa. Jaribio la RTOG 0436 la Marekani, lililochapishwa mwaka 2017, nalo halikuona faida ya kuishi zaidi. Katika majaribio hayo wagonjwa hawakuchaguliwa kwa wingi wa EGFR, lakini fundisho lake linabaki: protini kuhusishwa na ubaya wa ugonjwa hakutoshi kuifanya kuwa mlango wa tiba.

HER2, protini ya kwenye utando wa seli, ni kinyume chake. Tafiti zimetofautiana sana kuhusu kama kuwepo kwake kunafupisha maisha, ila jaribio la ToGA la mwaka 2010, lililowahusu wagonjwa wa adenokasinoma ya tumbo na ya maungio ya tumbo na umio wenye HER2 nyingi, lilionyesha mediani ya miezi 13.8 kwa waliopata trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, pamoja na tibakemikali dhidi ya miezi 11.1 kwa waliopata tibakemikali peke yake. Kwa hiyo ukiona HER2 chanya usiulize tu, "Je, ni mbaya?" Uliza, "Inafungua dawa gani?"

Namna rangi inavyosomwa

Inafaa kujua tarakimu hizi zinatoka wapi. Kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa endoskopi huhifadhiwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikroni 4 na kubandikwa kwenye slaidi. Kingamwili inayoitambua protini moja tu humwagwa juu yake, na mahali iliponasa hutokea rangi ya kahawia, huku viini vya seli nyingine vikibaki vya samawati. Mwanapatholojia hutazama mambo matatu: rangi iko sehemu gani ya seli, imekolea kiasi gani, na ni seli ngapi zilizonayo.

Kwa HER2, rangi inayohesabiwa ni ile ya kwenye utando wa seli. Katika adenokasinoma ya umio na tumbo, rangi hiyo mara nyingi haizunguki seli nzima. Huikumbatia pande mbili na chini, ikaacha juu wazi, mfano wa herufi U. Ikiwa imekolea kiasi kwamba inaonekana hata kwa lenzi ndogo ya hadubini, alama ni 3+, nayo ni chanya. Ikihitaji lenzi kubwa zaidi na mkolezo ni wa wastani, ni 2+, ambayo si chanya wala hasi: ni lazima kipimo cha pili kihesabu nakala za jeni ya HER2 ndani ya kiini. Alama 0 na 1+ ni hasi. Katika nyama ya upasuaji hutakiwa angalau asilimia 10 ya seli za saratani ziwe na rangi, lakini katika vipande vidogo vya endoskopi kundi la seli 5 zilizoshikamana linatosha, kwa kuwa HER2 katika saratani hizi hutokea kwa mabaka: hapa ipo, milimita chache mbele haipo.

Mgonjwa aliyeandikiwa 2+ na kuambiwa "subiri" hajapuuzwa. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyetoa 2+ pasipo kuagiza kipimo cha pili.

PD-L1: hesabu yenyewe

PD-L1 ni protini ambayo seli za saratani, na baadhi ya seli za kinga zilizo karibu nazo, huiweka juu ya utando na hivyo kuzituliza seli za kinga zinazokuja kushambulia. Hupimwa kwa njia mbili zinazochanganywa kila siku. TPS huhesabu seli za saratani peke yake. CPS hujumlisha seli za saratani zenye rangi pamoja na limfositi na makrofaji, yaani seli za kinga, zenye rangi, kisha hugawanya kwa idadi ya seli hai zote za saratani na kuzidisha kwa 100.

Chukua mfano. Mwanapatholojia amehesabu seli hai 200 za saratani, kati yake 14 zina rangi, na karibu nazo ameona limfositi na makrofaji 10 zenye rangi. TPS ni 14 kwa 200, yaani asilimia 7. CPS ni 24 kwa 200 mara 100, yaani 12. Slaidi ni moja, mgonjwa ni mmoja, na majibu mawili yote ni sahihi. CPS haiandikwi kama asilimia, na hesabu ikizidi 100 huandikwa 100 tu. Iwapo sampuli ina seli hai za saratani chini ya 100, kipimo hakitoshelezi, na "hakitoshelezi" si neno lingine la "hasi".

Tofauti hii ina uzito kwa sababu majaribio makubwa hayakutumia kipimo kimoja. KEYNOTE-590, lililochapishwa mwaka 2021, lilitumia CPS ya 10 au zaidi kwa pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga. CheckMate 648, lililochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa wa kasinoma ya seli bapa, lilitumia TPS ya asilimia 1 au zaidi kwa nivolumab, dawa nyingine ya aina hiyo, na katika kundi hilo mediani ya maisha ilikuwa miezi 15.4 kwa waliopata nivolumab na tibakemikali, dhidi ya miezi 9.1 kwa waliopata tibakemikali pekee. Hata kingamwili za maabara zilikuwa tofauti: 22C3 katika la kwanza, 28-8 katika la pili. Kwa hiyo unapopokea jibu la PD-L1, hakikisha limeandikwa ni CPS au ni TPS, na limepimwa kwa kingamwili ipi. Tarakimu isiyo na maelezo hayo ni nusu ya jibu.

Protini nyingine utakazokutana nazo

MMR ni kundi la protini nne, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zinazosahihisha makosa ya kunakili vinasaba. Hapa mantiki inageuka: kuwepo kwa rangi ndiyo hali ya kawaida, na kinachotafutwa ni kukosekana kwake. Protini hizi hufanya kazi mbilimbili, ndiyo maana MLH1 ikipotea PMS2 hupotea nayo. Kupotea huku ni nadra katika saratani ya umio, lakini inafaa kutafutwa, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo huitikia vizuri dawa za kuamsha kinga. Kabla ya kukubali kwamba protini imepotea, mwanapatholojia huhakikisha kuwa limfositi zilizo katika slaidi hiyohiyo zimepata rangi. Zisipopata, aliyekosea ni mtayarishaji wa slaidi.

Klaudini 18.2, protini ya kwenye utando wa seli, inahusu adenokasinoma ya tumbo na ya maungio ya tumbo na umio, si kasinoma ya seli bapa. Katika majaribio ya SPOTLIGHT na GLOW, yaliyochapishwa mwaka 2023, dawa ya zolbetuximab, inayoilenga protini hiyo, ilitolewa kwa wagonjwa wasio na HER2 ambao angalau asilimia 75 ya seli zao za saratani zilikuwa na rangi ya wastani au iliyokolea kwenye utando.

Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Asilimia 70 maana yake ni seli 70 katika kila seli 100 za saratani zilizohesabiwa, wala si ukubwa wa ugonjwa. Katika saratani ya umio hakuna kiwango kilichokubaliwa kinachotenganisha ubashiri mwema na mbaya, na kwa maoni yangu haifai kumpa mgonjwa uzito wa tarakimu hii. Kuhusu p53, protini inayozuia seli zilizoharibika kugawanyika, fahamu kwamba kasoro ina sura mbili: rangi kukolea karibu seli zote, au kutoweka kabisa. Ripoti isemayo "p53 hasi" inaweza basi kuwa inaeleza kasoro. Thamani yake kubwa iko kabla ya saratani, kwa mwenye umio wa Barrett, ambako p53 yenye kasoro huashiria hatari kubwa zaidi ya utando kugeuka kuwa saratani.

Protini za kwenye damu

Vipimo vya CEA, CA 19-9, antijeni ya SCC na CYFRA 21-1 havitoshi kugundua saratani ya umio, na kiwango cha kawaida hakimwondolei mtu ugonjwa. Faida yake, pale inapokuwepo, ni kufuatilia mwelekeo: kiwango kilichokuwa juu kabla ya matibabu, kikashuka, kisha kikaanza kupanda tena. Ili mwelekeo huo uaminike, tumia maabara ileile na mtambo uleule. Kumbuka pia kwamba CEA hupanda kwa wavutaji sigara, SCC hupanda kwa wenye figo dhaifu na magonjwa kadhaa ya ngozi, na wapo watu ambao, kwa maumbile ya kundi lao la damu la Lewis, miili yao haitengenezi CA 19-9 kabisa.

Protini mbili za damu zinazosahaulika, nami nazithamini kuliko hizo, ni albumini, na CRP inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au uchochezi. Zikiunganishwa hutoa alama ya ubashiri ya Glasgow iliyorekebishwa. CRP isiyozidi miligramu 10 kwa lita hupata 0. CRP iliyozidi 10, albumini ikiwa gramu 35 kwa lita au zaidi, hupata 1. CRP iliyozidi 10 na albumini chini ya 35 hupata 2. Kadiri alama inavyopanda ndivyo ubashiri unavyozorota. Usiihesabu wakati mgonjwa ana maambukizi. Mwenye umio uliobanwa hupaliwa na mate au chakula, hupata nimonia, na CRP yake hupanda kwa sababu ya mapafu. Pima tena maambukizi yakiisha. Zaidi ya hayo, alama hii inamwelekeza daktari kwenye jambo linaloweza kushughulikiwa leo: mgonjwa asiyeweza kumeza anahitaji njia ya kulishwa, iwe mrija wa kulishia au stenti, kibomba cha kuupanua umio, kabla hajadhoofika kiasi cha kushindwa kubeba matibabu.

Kusoma matokeo ya utafiti

Ukikuta makala inayosema protini fulani "inabashiri maisha", tafuta uwiano wa hatari. Katika KEYNOTE-590, kwa wagonjwa wa kasinoma ya seli bapa wenye CPS ya 10 au zaidi, uwiano ulikuwa 0.57, na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 yalikuwa 0.43 hadi 0.75. Maana yake ni kwamba kasi ya vifo kwa waliopata pembrolizumab na tibakemikali ilikuwa kama asilimia 57 ya kasi ya wenzao waliopata tibakemikali peke yake. Masafa hayo hayakugusa 1, yaani hayakufika mahali pa kutokuwa na tofauti. Mediani zilikuwa miezi 13.9 na 8.8. Zisome hizo kama habari za makundi: miezi 13.9 ni muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, baadhi kwa muda mrefu.

Kisha uliza maswali magumu. Wagonjwa walikuwa wangapi? Kiwango cha kutenganisha "nyingi" na "chache" kilichaguliwa kabla ya kuona matokeo, au kilitafutwa mpaka tofauti ikajitokeza? Je, protini hiyo iliendelea kubashiri baada ya hatua ya ugonjwa kuingizwa katika hesabu? Je, kundi jingine la wagonjwa lilithibitisha? Miongozo ya REMARK, iliyotolewa mwaka 2005, inawataka watafiti wa viashiria vya uvimbe kuyaeleza mambo ya namna hii waziwazi. Makala isiyoyajibu ni dokezo la utafiti zaidi, na haifai kutumiwa kumwambia mtu ataishi muda gani.

Baada ya upasuaji, linganisha kila kiashiria na kile nyama yenyewe inachosema. Katika jaribio la CROSS la Uholanzi, la mwaka 2012, asilimia 29 ya waliofanyiwa upasuaji baada ya tibakemikali na mionzi hawakukutwa na seli hai ya saratani kwenye nyama iliyotolewa. Kwa kasinoma ya seli bapa ilikuwa asilimia 49, na kwa adenokasinoma asilimia 23. Wagonjwa wa namna hiyo waliobakiwa na saratani ndio walioingizwa katika jaribio jingine, CheckMate 577, ambako nivolumab ilifikisha mediani ya kuishi bila ugonjwa kurudi miezi 22.4, dhidi ya 11.0. Kigezo cha kuingia hakikuwa PD-L1, kilikuwa mabaki ya uvimbe.

Utakayoyauliza mbele ya daktari

Andika maswali kabla ya kwenda. Je, vipande vilivyochukuliwa vilitosha? Kwa kuwa HER2 hutokea kwa mabaka, vipande 6 hadi 8 vinafaa kuliko viwili. Je, nyama ilikaa katika formalini kati ya saa 6 na 72, kama inavyoshauriwa kwa kipimo cha HER2? Je, majibu haya yatabadilisha matibabu, na kama hayatayabadilisha, yamepimwa kwa nini? Ikiwa ugonjwa umerudi baada ya trastuzumab, je, HER2 itapimwa upya kwenye kipande kipya, maana inaweza kupotea?

Mwisho, omba namba ya kitalu cha nta kilichohifadhi nyama ya mgonjwa na jina la maabara kilipo, uziandike kwenye daftari lake la matibabu. Kipimo kipya kikihitajika miezi au miaka baadaye, nyama hiyohiyo inaweza kukatwa tena bila kumpitisha mgonjwa kwenye endoskopi nyingine. Ila omba slaidi zikatwe siku zinapohitajika, kwa kuwa zilizokatwa mapema na kukaa kabatini wiki nyingi hupoteza uwezo wa kushika rangi, na protini iliyopo ikasomwa kana kwamba haipo.